Mara Tano Bila Kushika

Kibokoni, Mombasa
6 Mei 1996

Kaka Nasser,

Assalaam alaykum. Salamu za majirani nitaziandika mwisho nafasi ikibaki. Nisipoandika sasa hivi sitaandika tena.

Leo nimempeleka mama kwa daktari wa mifupa. Unajua tulivyoingojea siku hii tangu mwaka jana. Mimi nilikwenda nikidhani tutapewa tarehe ya kupasuliwa, atiwe goti la chuma, ashuke ngazi zetu kama zamani. Daktari hakutaja tarehe. Alimkalisha kwenye kiti cha mbao, akamwambia akunje mikono kifuani ainuke mara tano bila kushika kitu. Mama hakuinuka hata mara moja. Alijaribu mpaka uso ukamjaa jasho, akabaki palepale alipo.

Kuna mama mmoja pale hospitalini, Bi Kanze, kazi yake ni kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo kabla na baada ya kupasuliwa. Akaniomba nimsaidie kumpandisha mama gauni ampime paja kwa futi, kama fundi wa nguo. Kaka, nimekaa nyumba moja na mama maisha yangu yote, na kwa stara yake sikuwa nimeliona paja lake miaka na miaka. Kiganja changu kilikaribia kulizunguka. Goti limevimba katikati, juu yake ngozi na mfupa. Na mashavu yake yamejaa vilevile, kwa hivyo nani angejua?

Daktari akasema bila kuzunguka: "Goti nitalibadilisha kwa saa mbili. Lakini hakuna misuli ya kulishika. Nikimpasua hivi, nitampa goti jipya asilosimama nalo." Ikawa ametupa mpaka mwisho wa Septemba. Akiinuka mara tano, atampasua. Asipoinuka jina linafutwa, maana yeye mkataba wake unakwisha Oktoba na anarudi kwao, na Mombasa nzima hakuna mwingine wa kazi hiyo. Baada ya hapo, alisema, ni kitanda tu.

Sasa sikia lililonikata maini. Bi Kanze aliniuliza mama hufanya nini kutwa. Nikajibu kwa fahari kwamba hafanyi kitu, maji analetewa, chakula analetewa, hata kanga yake iliyoanguka naiokota mimi. Bi Kanze akanitazama kwa huruma, akasema, "Kuletewa huko ndiko kulikomla." Nimerudi nalo neno hilo mpaka nyumbani.

Kuanzia kesho mama ana mazoezi kila siku, na kila mlo awe na yai au samaki au maharagwe. Utuombee dua.

Nduguyo,
Shukri

*

Maskati
19 Mei 1996

Mpenzi dada Shukri,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nashtuka upya.

Mama ana miaka karibu sabini. Ametulea kwa mikono yake baada ya baba kufariki, amesonga, amepepeta, amefua. Leo ni zamu yake kukaa, na sisi zamu yetu kuinuka. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa. Sasa wewe unaniambia utiifu wetu ndio uliomla mama nyama za mapaja? Na huyo Bi Kanze ni nani, katoka wapi, kasoma wapi, mpaka amshike mama yangu na kumwamrisha simama kaa, simama kaa, kama kuruta?

Daktari asiyeweza kupasua aseme hawezi. Nimemweleza mwenzangu wa kazini, Sheikhan, anayekuja likizo huko mwezi ujao. Anakuja na kiti cha magurudumu, kipya, kizuri. Mama akae humo, asukumwe kwa heshima, na hayo mazoezi yakome.

Nisamehe kwa ukali. Ni uchungu wa kuwa mbali.

Kakako,
Nasser

*

Kibokoni
9 Juni 1996

Kaka Nasser,

Kiti kimefika na ni kizuri kweli. Ngazi zetu ni kumi na tisa na zimesimama wima, upana wake wa mtu mmoja. Uniandikie utaratibu wa kumsukuma mama kwa heshima kutoka orofani mpaka mlangoni. Kwa sasa naanikia mito.

Sikutakii ubaya. Lakini wewe mara ya mwisho kumwona mama akitembea ni mwaka wa themanini na saba. Mama uliye naye kichwani anakwenda Marikiti na kikapu. Huyu niliye naye mimi akitaka kutoka kitini hunipa mikono yote miwili, nami humvuta, na kila nikimvuta ndivyo mapaja yanavyozidi kulala. Bi Kanze amenieleza nikaelewa.

Yeye ni mtu wa Kaloleni, anakaa Tudor, kasomea kazi hiyo miaka mitatu. Anakuja mara mbili kwa wiki akitoka kazini. Ana sauti ya taratibu. Anamfunga mama vifuko vya mchanga vifundoni, mama anyooshe mguu, ahesabu mpaka tano, aushushe. Kisha anainuka kitini, ambacho tumekiwekea mito miwili kiwe juu. Wiki ya kwanza hakuweza. Juzi ameinuka mara mbili, na mara ya pili aliangalia huku na huku kuona kama sote tumeshuhudia.

Chakula nampikia kabla sijaenda shuleni kufundisha. Mayai mawili asubuhi, samaki na maharagwe mchana. Anapenda kula peke yake chumbani, anasema tukimkodolea macho hakishuki. Nikirudi nakuta sahani nyeupe. Bi Kanze naye kila akija humuuliza kama amekula, mama hujibu, "Alhamdulillahi." Nimefurahi sana.

Shukri

*

Kibokoni
25 Juni 1996

Mwanangu Nasser,

Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu. Mkono umekuwa mzito, lakini mato yangali yaona. Barua hii nampa Sheikhan akupe mkononi. Shukri usimwambie, ana kazi nyingi na moyo mwepesi.

Kiti nimekiona, ahsante, Mngu akuzidishie.

Nina haja moja kwako. Tazama katika pasi yako tarehe uliyozaliwa, kisha umuulize mtu ajuaye hesabu, ilikuwa siku ya ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Nakumbuka mvua ya siku ile, na mkunga aliyekuja ameroa mpaka viatu. Hesabu ndiyo siikumbuki. Na ya Shukri pia, na ya marehemu dadako Rukia ukiweza kuipata.

Goti si kitu. Lakini mtu akenda kupasuliwa, mzima wa miaka yangu, hutia nia ya safari. Ikiwa nalikukosea, nisamehe.

Mamako,
Ummulkheir

*

Kibokoni
22 Julai 1996

Kaka Nasser,

Ulikuwa na haki, nami naandika kwa kuona haya.

Jana Bi Kanze alikuja na futi yake. Wiki kumi na moja za mayai, samaki, mchanga, simama kaa. Akapima paja la kulia. Akapima la kushoto. Akarudia la kulia. Kaka, yamepungua. Si kwamba hayakuongezeka, yamepungua kuliko siku ile ya kwanza hospitalini. Halafu akamwambia mama ainuke. Mama aliinuka nusu, macho yakamgeuka meupe, akaanguka mikononi mwetu. Nilidhani amekufa. Nilipiga ukelele majirani wakajaa mpaka kwenye ngazi.

Amezindukana na yuko kitandani. Mimi kwa hasira na hofu nilimgeukia Bi Kanze, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia amemchosha mama kama punda wa mkokoteni, na kwamba kwao huko labda ndivyo wazee wanavyofanywa. Alikunja futi, akamfunika mama miguu, akaondoka. Nimemkataza asirudi.

Zimebaki wiki kumi kufika mwisho wa Septemba, na mama hawezi kuinuka hata mara moja. Tumerudi tulipoanzia, na huenda nyuma yake. Sijui la kufanya. Kiti chako nimekitoa mito.

Shukri

*

Maskati
2 Agosti 1996

Dada Shukri,

Nimeipata barua yako ofisini, nikashindwa kumaliza kazi ya siku ile. Nilitaka sana kuwa na haki, na sasa ninayo sioni itanifaa nini.

Kuna jambo nimelificha kwa kuambiwa nilifiche, lakini naona sasa halifichiki. Mama aliniandikia mwezi wa sita kwa mkono wa Sheikhan. Aliniuliza nilizaliwa siku ya ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Na wewe pia, na Rukia. Nimeogopa ni akili imeanza kumpotea, maana mama ndiye aliyekuwa akituhesabia sisi kila kitu. Nilimuuliza mzee mmoja msikitini, akanitolea hesabu, nikamjibu mama wiki iliyopita kwa mtu aliyekuja huko: mimi nilizaliwa kumi na moja Ramadhani, wewe mwishoni mwa Shaabani, Rukia siku ya kwanza ya Ramadhani.

Sijui anazitakia nini. Mwangalie kwa upole, na kama akili imeanza kwenda usimwonyeshe kuwa umejua.

Nasser

*

Kibokoni
13 Agosti 1996

Kaka Nasser,

Akili ya mama haijaenda popote. Akili yetu sisi ndiyo ilikuwa imelala.

Nilisoma barua yako nimesimama jikoni. Shaabani, Ramadhani, Ramadhani. Mwanamke anayezaa mwezi huo hafungi, na damu ya uzazi ikimpata ndani ya Ramadhani hafungi mpaka imalizike. Na anadaiwa azilipe siku hizo baadaye. Nikaweka barua chini, nikapanda juu. Ilikuwa saa saba mchana na sahani yake ya samaki ilikuwa haipo mezani.

Nilimkuta mama ameegemea dirisha la uchochoroni, sahani mkononi, na Nana wa nyumba ya pili ananyoosha mikono yake kutoka dirisha lake kuipokea. Unajua madirisha yetu yalivyokaribiana. Mjane wa watu alidhani ni sadaka. Kaka, tangu Mei Nana anakula mayai na samaki wa mama, na kweli amenawiri, mimi nilikuwa nikimsifu kila nikikutana naye.

Mama alikuwa amefunga. Siku mbili, wiki nyengine tatu, tangu siku ile daktari alipotaja kisu. Amefunga na mchanga miguuni. Alikuwa akifungulia tende na maji Magharibi, chakula cha usiku akikidonoa mbele yetu. Ndiyo maana alianguka. Mwili ulikuwa unajila wenyewe, na mimi nimemfukuza mtu asiye na kosa.

Nilimuuliza kwa nini. Hakulia, hakuomba radhi. Alisema, "Nalizaa, nikanyonyesha, babako akaugua, mwaka ukaingia mwaka. Nalisema nitalipa, nitalipa. Nikifa mezani pa daktari na deni la Mngu shingoni, goti jipya lanifaa nini?"

Nilikaa sakafuni. Sisi tulikuwa tunamtayarishia goti, mama alikuwa anajitayarishia kaburi, na sote tuko katika nyumba moja.

Alisema deni ni siku sabini na nane, na jibu lako ndilo lililomthibitishia. Thelathini amekwisha kulipa. Nikaenda kumwita Sharifu Muhdhar wa msikitini. Akaketi mlangoni pa chumba, akamweleza mama kwamba aliyefika umri huu, na tabibu amemkataza njaa, saumu hiyo si juu yake tena. Kwa kila siku atoe kibaba kimoja cha mchele kwa maskini, na Mwenyezi Mungu anajua hali yake. Vibaba vyote vikienda kwa Nana, vinafaa. Nikashukuru, nikadhani yamekwisha. Mama akakataa. Sharifu aliposhuka ngazi, akaniambia, "Mtele wa Nasser, mkono wa Shukri, mimi nimefanya nini hapo? Ndaa ilikuwa yangu."

Siku ya pili nilikwenda Tudor kwa Bi Kanze. Nilimwomba radhi mbele ya mumewe, nikataja maneno yangu mojamoja ili asidhani nimeyasahau. Akasema, "Nilimuuliza kama amekula, akanijibu Alhamdulillahi. Ilinipasa niulize amekula nini. Hilo ni langu." Akachukua mtandio wake akaja nami.

Alimsikiliza mama mpaka mwisho. Yeye ni Mkristo, hakuingia katika mambo ya dini. Aliuliza tu kibaba ni kizito kiasi gani. Nilipomletea mchele akaupima mkononi, akafungua vile vifuko vya mchanga ili autie humo. Mama akawahi kusema chakula hakifungwi miguuni. Bi Kanze akasema ni kweli, akamkumbatisha mama mfuko wa mchele kifuani, akamwambia, "Basi inuka nao, mama. Kila siku kibaba chako ukibebe mwenyewe, kisha ukakitoe mwenyewe. Lakini mwili usiokula hautakibeba."

Mama aliutazama ule mfuko kwa muda mrefu. Halafu akaitisha mayai.

Shukri

*

Maskati
26 Agosti 1996

Dada Shukri,

Nimesoma, nikafunga mlango wa ofisi.

Mimi nilimletea kiti cha kukaa, naye alikuwa na njaa kwa ajili yangu. Kumi na moja Ramadhani mpaka mwisho wa mwezi, hizo ni siku zangu. Nimeishi miaka arobaini na sita sijui kuwa kuna mtu anadaiwa hizo kwa sababu yangu.

Mwambie Bi Kanze kwamba yule aliyeuliza katoka wapi na kasoma wapi anaomba radhi. Nimeomba ruhusa kazini, sijajibiwa. Niandikie siku ya kupimwa.

Nasser

*

Kibokoni
30 Septemba 1996

Kaka Nasser,

Leo ndiyo ilikuwa siku.

Nikueleze kwanza wiki hizi saba. Kila asubuhi mama anakula mbele yangu, simwondokei, nimeomba nichelewe shuleni. Saa kumi jioni anakaa kwenye kiti, mto mmoja, baadaye bila mto, anakumbatia mchele, anainuka. Akimaliza anaubeba mpaka dirishani hatua kwa hatua, anamwita Nana, anampa. Nana naye mwanzo alikuwa na haya kwa wale samaki, sasa anasimama dirishani kwake anamhesabia mama kwa sauti uchochoro mzima unasikia. Wiki ya tatu mama akaniambia kibaba kimekuwa chepesi, nikadhani nimepima vibaya.

Hospitalini daktari alikuwa na haraka. Alimtazama mama akasema, mbele yake, kwamba hana matumaini sana lakini ampime kwa kuwa aliahidi. Kiti kilekile cha mbao. Mama akaulizwa kama yuko tayari, akataka kujua mchele uko wapi. Bi Kanze akamwambia leo hakuna mchele, akunje mikono tu.

Akainuka. Akakaa, akainuka. Nilisahau kuhesabu. Mara ya nne goti lilimuuma nikaliona usoni, akakaa, akafumba macho. Daktari akasema kwamba nne si mbaya. Mama akafumbua macho akamjibu, "Ulisema tano." Akainuka ya tano, akabaki wima, hakumpa mtu mkono.

Bi Kanze alikuwa anaangalia ukutani. Nilipomshika bega nikakuta analia.

Atapasuliwa tarehe nane Oktoba.

Lakini kuna jambo limenishtua tena, na sina wa kumuuliza. Nimepiga hesabu ya vibaba. Jana kilikuwa kiwe cha mwisho, cha arobaini na nane, na mama hakukitoa. Ameufunga mchele katika kanga, ameutia kabatini, amefunga kwa ufunguo. Nikimuuliza ananiambia niache. Mwanamke aliyekuwa tayari kufa njaa asife na deni, sasa anakwenda kwenye kisu na siku moja mkononi, kwa makusudi. Sijui nini kimempata.

Shukri

*

Kibokoni
20 Oktoba 1996

Mwanangu Nasser,

Mimi ni mzima. Shukri amekwisha kukupigia simu, lakini simu si maandishi. Goti la kulia si langu, ni la chuma, na lanitii kuliko lile langu. Siku ya pili tu Kanze alinisimamisha. Nalimwambia wewe mwanamke huna huruma, akateka kwa sauti, nami nikateka.

Shukri amekuandikia ya kibaba, najua, hawezi kunyamaza. Nakwambia wewe kwanza.

Siku uliyozaliwa nalikuwa nimefunga tangu alfajiri. Uchungu ulinishika adhuhuri, nikasema nitavumilia mpaka Magharibi. Alasiri ukaja, na saumu yangu ikakatika na mvua ikinya. Siku hiyo moja ndiyo niliyoibakisha. Nalilala pale wakinisukuma kwenda kupasuliwa, nikijua imebaki, na hofu sikuiona. Nalishangaa mwenyewe.

Miaka tisa mwanangu huji. Watuma viti, watuma salamu. Kibaba hiki hakitoki kwa mkono wangu peke yangu, maana siku ile tulikuwa wawili. Nana nimemwambia angoje, naye asema hana haraka. Daktari wangu ameondoka, Kanze asema baada ya wiki sita nitashuka ngazi zote kumi na tisa.

Mtele uko kabatini, ufunguo uko shingoni kwangu. Ndoo nyumbani.

Mamako,
Ummulkheir